Ukurasa Nilioruka

Mwezi uliopita tulimzika mama nyumbani kwetu upande wa Bondo. Niliporudi Kisumu nilipitia Mamboleo kumtafutia mwanangu kitanda. Fundi niliyemkuta alikuwa anapiga randa ubao wa saiprasi, maranda yanamwangukia miguuni yakijikunja, na ile harufu ikanifika kabla sijamsalimia. Ubao mbichi, gundi, jasho la mtu anayefanya kazi juani. Nilisimama pale nikaanza kulia kwa sauti, mtu mzima na mkoba wangu begani. Fundi, maskini, akadhani ni bei. Akaipunguza mara mbili bila kuombwa.

Sikuwa namlilia mama peke yake. Nilikuwa namlilia baba, aliyekuwa na karakana yake hapo hapo Mamboleo nikiwa mtoto. Na nilikuwa nalilia jambo moja ambalo nilipaswa kumwambia mama akiwa hai, nikashindwa, na sasa limebaki kwangu. Ninyi wa rika langu, mliolelewa na wazazi waliookoka, mlioamshwa na maombi kabla ya jogoo, mtanielewa upesi. Ndiyo maana naliandika kwenu.

Tulikaa Manyatta, vyumba viwili, ukuta wa udongo uliopakwa simiti kwa nje ili uonekane wa maana. Tulikuwa wanne: baba, mama, mimi na mdogo wangu Ochi. Baba alikuwa seremala siku sita kwa wiki, na siku ya saba alihubiri katika kanisa letu dogo la mabati. Hakulipwa kwa kuhubiri na hakutaka kulipwa. Mama aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, na nyanya mbele ya nyumba. Mimi nilipewa jina la bibi aliyemlea baba, kwa hiyo baba hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita Dani, yaani bibi kwa Dholuo, na aliponiita hivyo mbele ya watoto wenzangu walicheka hadi wakakaa chini.

Kila mwaka kanisa liliwapa washirika karatasi ya usomaji, sura ya kila siku kuanzia mwanzo wa mwaka hadi mwisho. Baba aliibandika nyuma ya mlango kwa gundi ya mbao. Gundi ile haikuwa ya mchezo. Mwaka ulipoisha karatasi haikubanduka, akabandika mpya juu yake, na nyingine juu ya hiyo, mpaka sehemu ile ya mlango ikawa nene na ngumu, ukiigonga inalia tofauti.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri tulikuwa tumeketi, mama kwenye kigoda karibu na jiko, sisi watoto kwenye mkeka, baba mlangoni. Mmoja wetu alisoma kwa zamu. Tulisoma Biblia ya Kiswahili ingawa nyumbani tulisema Dholuo, kwa sababu majirani zetu walikuwa Waluhya na Wakisii, na baba alitaka tuweze kumsomea yeyote atakayeingia. Msomaji akimaliza, kila mtu alisema atafanya nini na neno hilo kabla jua halijatua. Hapo ndipo nyumba yetu ilitofautiana na nyumba nyingine za waliookoka. Hukuruhusiwa kusema "nimebarikiwa" halafu unyamaze. Baba angekuuliza, "Sawa, umebarikiwa. Sasa leo utafanya nini?" Na jioni, kabla ya ugali, ulieleza ulivyofanya.

"Mimi siuzi mbao," alituambia. "Mtu akija kwangu anataka kitanda. Neno pia tutengeneze nalo kitu, si kulipanga ukutani."

Na tulitengeneza, jamani. Siku tuliyosoma kuhusu kuoshana miguu, baba alichukua karai akaenda kwa jirani yetu wa boda boda, Mluhya mmoja mwenye haya kupita kiasi. Yule mtu aliketi akitazama dari muda wote, miguu yake ndani ya karai, na kwa wiki nzima akawa anazunguka nyuma ya choo akimwona baba anakuja. Siku tuliyosoma kuhusu mwenye nguo mbili kumpa asiye na nguo, Ochi alitangaza kwa furaha kwamba atatoa sweta. Jioni nikagundua kwamba sweta aliyoitoa ni yangu. Nilimpiga kofi, na kesho yake usomaji ukawa juu ya kusamehe. Nilimwangalia baba nikidhani amepanga, lakini karatasi ya mlangoni haikudanganya, ilikuwa ndiyo sura ya siku hiyo.

Ndivyo tulivyoamini. Hatukusema kwa maneno, lakini tuliamini kwamba sura ya siku imepangwa na Mungu mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo na kwa ajili ya watu wale wanne waliokuwa chumbani. Aliyechapisha karatasi hakuhesabiwa. Mama akiwa na wasiwasi juu ya jambo, aliingoja alfajiri kama mtu anavyongoja daktari atoke ndani.

Mwaka niliotimiza miaka tisa, walikuja watu watatu kutoka ufuo mmoja upande wa Bondo. Walikaa kwetu mchana mzima, viatu vyao mlangoni vikinuka samaki. Walikuwa wamepata waumini wachache kule ziwani, wavuvi na akina mama wa kukausha omena, lakini hawakuwa na mtu wa kuwafundisha. Walikutana Jumapili chini ya mabati matatu, mmoja anasoma, halafu wanatazamana. Walimtaka baba aende akae nao.

Baba alisema ataomba. Mama alingoja waondoke.

"Baba Ochi," alisema akiosha vikombe, "huduma ni hii hapa imelala kwa mkeka. Wewe unaenda kulea watoto ya wengine?"

"Sijasema naenda."

"Uso yako imesema."

"Sitaenda bila neno, Mama Ochi. Nangoja neno. Likinijia nitaenda, lisiponijia nitakaa na mbao zangu."

Ochi ndiye aliyelala; mimi nilisikia hayo yote nikiwa mlangoni, na nikayaelewa kivyangu. Nilidhani neno litaletwa na mtu. Kule nyumbani kwa kina baba, habari ya msiba au ya arusi ililetwa na mtu anayetembea kwa miguu, na watu walisema "neno limefika". Kwa hiyo kila mgeni aliyebisha hodi miezi ile nilimchunguza mikono na mifuko. Hata yule mama wa kuuza mkaa nilimuuliza kama amebeba kitu cha baba. Haikunijia hata kidogo kwamba neno lililongojwa lingepita mdomoni mwangu.

Baba alikonda kwa kungoja. Alikuwa mtu wa kuimba akifanya kazi, akaacha kuimba. Aliketi alfajiri akiinamisha kichwa msomaji anaposoma, na mama naye alishika kijiko bila kukoroga chai mpaka sura iishe. Ikiisha bila kumgusa baba, alikoroga. Nilikuwa naona mkono wake ukilegea na sikujua kwa nini.

Kisha ikafika zamu yangu, na nikafanya nilichofanya.

Jioni iliyotangulia nilikwenda nyuma ya mlango kuangalia sura ya kesho ili nijizoeze. Nilijivuna sana kwa kusoma. Shuleni nilikuwa nikisimamishwa mbele kuwasomea wakubwa zangu. Nilipofungua Biblia, nikakuta sura ndefu ya majina matupu. Wana wa fulani, idadi yao, wana wa fulani, idadi yao, majina yenye herufi ambazo mdomo wangu haukujua pa kuziweka. Wiki chache kabla nilikuwa nimekwama kwenye jina moja, Ochi akacheka mpaka chai ikamtoka puani, na ingawa baba alimkemea, nilikuwa bado naona aibu. Sasa nilikuwa na majina zaidi ya mia. Nikasema moyoni, hapana, sitakubali kufa mbele ya Ochi.

Nilitafuta pengine. Nilitaka kitu kifupi, chenye maneno ninayoyajua, na nilitaka kimfurahishe baba kwa sababu alikuwa na huzuni. Nikakipata kile kisa cha ndugu wavuvi walioitwa wakiwa kazini ziwani, wakaacha vyombo vyao, wakamwacha na baba yao mzazi ndani ya mashua, wakaenda. Nilikipenda kwa sababu kilikuwa na ziwa. Nilidhani baba atasema, tazama, hata Dani anajua mambo ya ziwa. Nikaweka unyoya wa kuku kwenye ukurasa ule na nikalala usingizi mzuri kabisa.

Asubuhi baba aliuliza, "Leo ni wapi?"

Nikasema, "Ni hapa," nikafungua penye unyoya.

Hakuna aliyeinuka kuangalia karatasi. Kwa nini waangalie? Hakuna mtu aliyewahi kudanganya juu ya hilo katika nyumba ile. Nilisoma bila kukwama hata mara moja. Baba alikuwa ameinua kichwa na ananitazama, na machoni mwake kulikuwa na maji.

"Dani," alisema. "Hapo pa mwisho. Soma tena."

Nilifurahi mno. Nilidhani nimesoma vizuri kiasi kwamba anataka kusikia tena. Basi nikasoma tena, na safari hii niliongeza madoido, nikapunguza sauti pale wanapomwacha mzee wao ndani ya mashua, kama mwalimu alivyotufundisha kusoma hadithi. Nikiukumbuka ule upunguzaji wa sauti natamani kuuziba mdomo wa yule mtoto kwa mkono wangu.

Baba akasema, "Mimi leo nitaenda."

Zamu ya mama ikafika ya kusema atafanya nini na neno. Kijiko kilikuwa mkononi. Alikiweka chini taratibu kando ya jiko, hakukoroga.

"Mimi," alisema, "nitamfungia mizigo."

Mimi nilisema nitaosha vyombo bila kutumwa. Ochi akasema ataenda na baba, na alipoambiwa haiwezekani alilia mpaka akatapika. Baba aliondoka kabla ya mchana na begi moja, msumeno, randa, nyundo na chandarua chake. Aliniwekea mkono kichwani mlangoni akaniambia, "Asante, Dani. Umenifungua." Nilikuwa na fahari. Niliosha vyombo vyote, hata vile safi.

Sikujua nimefanya nini mpaka siku tatu baadaye, nilipomwuliza mama baba anarudi lini.

"Baba yako alikuwa anangoja neno," alisema. "Mungu akaleta kwa mdomo yako. Sasa si mimi si wewe tutamrudisha."

Nilikwenda chooni nikajifungia. Nilikumbuka ile sura ya majina, nikaelewa yote kwa pamoja, kama mtoto anavyoelewa, vibaya na kwa ukamilifu. Nilikuwa nimemwondoa baba nyumbani kwa uongo. Na nisingeweza kusema, kwa sababu nikisema baba ataonekana mjinga mbele ya watu wa kanisa waliomsifu kwa kwenda, na mama atajua kwamba alimfungia mizigo bure.

Alirudi mara mbili kututazama. Mara ya kwanza alikuja na samaki wakubwa wawili na hadithi nyingi. Kule ufuoni alikuwa anafanya vilevile kama nyumbani: alfajiri anasoma na watu wake, na kila mmoja anasema atafanya nini. Mvuvi mmoja aliyekuwa akimpiga mkewe alisema siku moja, mbele ya wote, "Leo sitampiga," na jioni akaja kuripoti kwamba hajampiga, akasema tena kesho yake, na kesho yake. Baba alilisimulia hilo huku akicheka na kulia. Aliwajengea mabenchi. Nilimwona jinsi alivyokuwa na furaha na kwa siku mbili nikapumua.

Mara ya pili alikuja amekonda, macho ya manjano. Mama alipokuwa anapanga begi lake alikuta chandarua hakipo.

"Kiko wapi?"

"Kuna mama amejifungua juzi. Mtoto mdogo hivi, Mama Ochi. Usomaji wa siku ile ulikuwa juu ya kutoa."

"Wewe je?"

"Mimi ni mzee, mbu hawanitaki."

Mama alimpa chandarua chetu. Nilikuja kusikia baadaye kwamba nacho kilipata mtoto mwingine.

Alipoondoka mara ile nikaamua kurekebisha. Nilisema, kama ukurasa wa uongo ulimpeleka, ukurasa wa kweli utamrudisha. Nilikuwa nimekariri mahali ilipo sura yenyewe bila kutaka, napajua kwa kupapasa. Kila siku nilipotoka shule, mama akiwa kwenye meza yake ya omena, niliingia ndani, nikafunga mlango, nikaisoma kwa sauti. Majina yote. Nilikwama, nikarudia, nikakwama. Na hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilijua ile sura inahusu nini. Ilikuwa orodha ya watu waliokuwa wamechukuliwa mbali na kwao, wakarudi. Wamehesabiwa ukoo kwa ukoo, kila mtu akarudi mjini kwake. Hiyo ndiyo iliyokuwa sura ya siku ile. Mungu, au aliyechapisha karatasi, alikuwa amempangia baba orodha ya watu wanaorudi nyumbani, na mimi nikairuka kwa kuogopa kuchekwa na mtoto wa miaka mitano.

Niliisoma labda siku nane. Siku ya tisa nilikuta watu uani, wamesimama bila kuongea, na mama amekaa chini mchangani miguu imenyooka mbele. Malaria ilikuwa imempanda baba kichwani. Watu wa ufuoni walimbeba kumpeleka hospitali wakachelewa njiani. Akarudishwa nyumbani Bondo, na sisi tukaenda kumpokea huko. Alirudi mjini kwake, kama nilivyosoma. Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilimwita mimi, na kwamba kwa kuwa niliita kwa kuiba, nilipewa mwili tu.

Kwenye mazishi walikuja watu wa ufuo ule, malori mawili. Yule mvuvi alisimama na mkewe. Mama mmoja alimwinua mtoto mnono juu ya vichwa vya watu na kusema, "Huyu analala ndani ya neti ya mchungaji." Kisha mama yangu akasimama, akiwa na shuka nyeusi mabegani, akasema sentensi ambayo ningeisikia maisha yangu yote. "Mume wangu hakupotea. Alienda kwa neno."

Sentensi hiyo ndiyo iliyomsimamisha. Alirudi Manyatta akauza omena, akatusomesha, na mikutano ya akina mama ikaanza kumwita atoe ushuhuda. Alikuwa hodari. Alieleza jinsi alfajiri ile alivyoweka kijiko chini, na wanawake wenye ndoa ngumu, wenye watoto wagonjwa, walilia na kupata nguvu. Na kila mara alinyoosha kidole mahali nilipoketi. "Simama, nyathina. Huyu ndiye alisoma." Mimi, mtoto wake, nasimama. Wanawake wananishika mkono. Wengine waliniomba niwawekee mikono watoto wao wapate kupenda Neno.

Mtauliza kama niliiacha imani. Sikuiacha. Nilijaribu nikiwa kidato cha tatu, kwa miezi kama miwili, nikaona siwezi, kwa sababu asubuhi macho yangu yanafunguka saa kumi na moja na nusu yenyewe na hayana kitu kingine cha kufanya. Ninasoma kila siku. Siruki hata jina moja. Siku hizi naongoza kikundi cha wanawake huku Mamboleo, Jumatano alasiri, na wanakuja na yao. Mmoja alisoma kisa cha mtu aliyeambiwa aondoke kwao, akataka kumwacha mama mkwe wake mgonjwa kitandani. Mwingine alitaka kuacha dawa za sukari. Nawaambia, ngojeni. Tusome kilichotangulia na kinachofuata. Aliambiwa nani? Kwa ajili gani? Ukilifanya, ni nani atakayebaki ndani ya mashua? Wananiona mwoga, na mmoja aliwahi kunisema kwamba sina imani ya mama yangu. Nilimkubalia.

Bado namwamini baba alivyosema, kwamba neno litengenezwe kitu. Ninachojua zaidi yake ni kwamba fundi hupima kabla ya kukata, na yeye pale karakana hakuwahi kukata bila kupima mara mbili. Sijui kwa nini hakupima siku ile. Nadhani alikuwa amechoka kungoja.

Mwaka jana mama alihamia Bondo kabisa, kwa vile miguu yake ilikuwa imevimba na alitaka kuwa nyumbani. Niliomba ruhusa kazini nikaenda kukaa naye. Nilikuwa nimeamua. Nilijiambia, mama hataki kufa akiwa amedanganywa na mtoto wake, na mimi sitaki kuzeeka na jambo hili. Mchana mmoja alikuwa amelala ubavu, dirisha wazi, nami nimeketi kando ya kitanda nabambua karanga.

"Mama," nikasema, "nina jambo nataka kukuambia. La zamani."

"Hata mimi iko na lengine," akasema. "Wacha mimi nianze. Wewe uko na miaka ya kungoja."

Nikangoja.

"Baba yako alipiga simu," alisema. "Wiki moja kabla ya kufa. Mimi sijawahi kuambia mtu. Akasema, 'Mama Ochi, mwili inauma, nimechoka, nataka kurudi nyumbani.' Alilia. Baba yako, kwa simu. Unajua mimi nilimwambia nini?"

Nilitikisa kichwa.

"Nilimwambia, 'Baba Ochi, utarudi vipi? Wewe ulipewa neno mbele yetu sote. Mtoto alisoma, wewe mwenyewe ukasema asome tena. Ubatizo ya watu wa ufuo bado, unawaacha kwa nani?' Akasema, 'Ni kweli, Mama Ochi.' Hiyo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Ni kweli."

Wiki moja kabla. Ndizo siku nilizokuwa nimejifungia ndani nasoma majina. Mikono yangu ilikuwa imejaa maganda ya karanga na sikujua niyaweke wapi.

"Mama, hukujua anaumwa hivyo."

"Sikujua, lakini nilikuwa namtaka, nyathina. Nilikuwa namtaka arudi mpaka meno inaniuma. Nikasema, mimi ni nani nimtoe kwa neno? Watu wanasema mimi ni mama wa imani. Mimi nilifunga mlango yake na mkono yangu." Alifuta uso kwa ncha ya shuka. "Kitu moja tu ndiyo imenisaidia kulala hii miaka yote. Kwamba ilikuwa neno ya siku hiyo. Haikuwa akili ya mtu. Kama haingekuwa neno, basi ningekuwa ni mimi nilimuua."

Nje kuku walikuwa wanagombania kitu. Mama alinigeukia, macho yake yamepungua nuru lakini yananitafuta usoni.

"Haya. Sasa wewe. Ulitaka kusema nini?"

Nilikuwa nimebeba sentensi ile tangu utotoni. Ilikuwa fupi. Niliisikia ikija hadi nyuma ya meno yangu, na nikamwona mama alivyolala, mzee, mikono yake miembamba juu ya shuka, amenipa siri yake na sasa anangoja yangu.

"Nilitaka kukuuliza kama umekunywa dawa ya mchana."

"Nimekunywa."

Alinyoosha mkono akaushika wangu, na maganda yakaanguka kitandani. Alinishika kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Siku ile ulisoma vizuri sana," alisema. "Mimi sijawahi kukushukuru. Asante, nyathina."

Nikamwambia, "Amina, Mama."